Ekipe ya shule ao klabu: mtoto wa Bunia anayejua mpira anaandikwa wapi?

Kila mwaka, masomo yakianza mwezi wa 9, swali moja linarudi katika nyumba mingi za Bunia, toka Mudzi-Pela mpaka Nyakasanza. Mtoto amemaliza ya 6 ya msingi. Anajua mpira, na kartie nzima inajua kama anajua. Mwalimu wa michezo kule sekondari anamtaka kwenye ekipe ya shule. Kocha wa klabu ya kartie naye anamtaka, na anaongeza kusema kuna watu Kampala ao Lubumbashi wanaotafuta watoto wa namna hiyo. Baba anaona njia ya kutoka kwenye shida. Mama anauliza: na masomo je?

Jambo hili huwa linazungumzwa kama kuchagua kati ya pande mbili: anayependa kalamu abaki na ekipe ya shule, anayependa mpira aende klabu. Kwa kweli, ukifuata karatasi na makuta, mambo si vile. Shule inampa mtoto vitu ambavyo klabu haina, na klabu inashika kitu kimoja ambacho shule haiwezi kukitoa. Tatizo la Ituri ni kwamba watoto mingi wanacheza miaka tano ao sita bila kuwa na kimoja wala kingine kwa ukamilifu. Wanasoma nusu, na hawaandikwi popote.

Tuanze na shule. Michezo iko kwenye programu ya taifa, kila kalasi ina saa yake. Lakini saa moja kwa juma, na watoto hamsini ao zaidi kwa mpira mmoja, haitoi mchezaji. Ekipe ya shule inaamka wakati wa mashindano kati ya shule, inacheza majuma machache, kisha inalala mpaka mwaka mwingine. Kocha ni mwalimu, na mwalimu ana shida zake za mshahara. Shule ikishindwa mapema, mwaka wa mpira umekwisha kwa mtoto yule, hata kama yeye alicheza vizuri kuliko wote.

Pamoja na hayo, mtoto analala kwao. Anacheza na wa umri wake. Mwalimu anayemwita kwenye ekipe anajua pia kama alishindwa hesabu. Na kwa msichana, shule ndiyo mlango wa kwanza, mara mingi ndiyo mlango pekee: wazazi wanaokataa binti yao aende kiwanja cha kartie jioni wanakubali acheze na wenzake mbele ya mwalimu. Jambo hili linasahauliwa kila mara watu wanaposema ekipe za shule hazina faida.

Klabu inafanya kazi tofauti. Inafanya mazoezi mara tatu ao nne kwa juma, mwaka mzima, mvua ikipenda. Mtoto wa miaka 14 mwenye nguvu anaweza kuingizwa kati ya wakubwa. Anajifunza haraka, na anavunjika haraka vilevile. Akiumia goti, hospitali inalipwa na familia. Na mazoezi yanaangukia saa ambazo mtoto wa sekondari alipashwa kusoma masomo yake, hasa akiwa anasoma mchana.

Miaka 12, miaka ya hesabu mbili

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Sheria za FIFA juu ya uhamisho wa wachezaji, zile zilizowekwa mwaka 2001 na kubadilishwa mara kwa mara, zinaanza kuhesabu malezi ya mchezaji toka mwaka anaotimiza miaka 12. Toka hapo, kila msimu anaocheza katika klabu iliyoandikishwa unaandikwa kwenye pasporti yake ya mpira. Siku moja akiuzwa toka inchi moja mpaka inchi ingine, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawanywa kwa klabu zote zilizomlea toka miaka 12 mpaka 23. Kila msimu wa miaka 12 mpaka 15 unaleta robo ya asilimia moja ya bei. Kila msimu wa 16 mpaka 23 unaleta nusu ya asilimia.

Tufanye hesabu ndogo. Kijana anauzwa dola 500,000, bei ambayo si kubwa kule Ulaya. Klabu ya Bunia iliyomwandikisha toka miaka 12 mpaka 15, yaani misimu minne, inapashwa kupata asilimia moja: dola 5,000. Kwa klabu ya kartie, hizo ni mipira, viatu, nyavu na makuta ya safari kwa miaka mingi. Toka mwezi wa 11 mwaka 2022, FIFA ina nyumba yake ya malipo kule Paris, inayopitisha makuta hayo kwa kufuata pasporti ya mchezaji.

Lakini malipo yanafuata lisansi, ile karatasi inayomwandikisha mtoto kwenye federasyo kupitia klabu yake. Pasipo lisansi, miaka ile ni kama haikuwako. Na shule si klabu. Prefe anaweza kumlea mchezaji miaka sita, akamlipia hata minervale, hatapata hata franka moja, labda shule iwe imeingia kwenye federasyo kama klabu.

Sasa tazama upande mwingine wa miaka 12. Toka mwezi wa 9 mwaka 2019, masomo ya msingi katika shule za Serikali ni bure. Sekondari si bure. Kwa hiyo mwaka uleule ambao dunia ya mpira inaanza kumhesabu mtoto, ndio mwaka ambao familia inaanza kulipa kwa ajili ya kalasi ya 7. Familia iliyokimbia Djugu ao Irumu na kupanga nyumba mjini, ao kulala kwenye kambi kama Kigonze, inafika kwenye njia panda ile na mikono mitupu. Hapo ndipo mtu anayesema nitamchukua mtoto anasikilizwa zaidi. Hakuna wa kushangaa.

Kitende: shule na klabu chini ya mlango mmoja

Wale wanaosema shule na klabu haviwezi kukaa pamoja wavuke Ziwa Albert. Kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe kuna shule ya sekondari ya St. Mary's Kitende, mojawapo ya shule zenye nguvu sana katika mpira wa shule za Uganda. Mwenye shule ni Lawrence Mulindwa, aliyekuwa prezida wa federasyo ya Uganda toka 2005 mpaka 2013. Ni yeye pia mwenye klabu ya Vipers, iliyoitwa zamani Bunamwaya. Kiwanja cha Vipers kiko palepale kwenye shule.

Wakongomani wanaijua Vipers kwa uchungu. Mwezi wa 10 mwaka 2022 ilitoka sare na TP Mazembe, kisha ikaitoa kwa penalti, kule kule Lubumbashi, na kuingia kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Farouk Miya alitoka Vipers kwenda Standard Liège ya Ubelgiji mwaka 2016, na mwezi wa 9 mwaka huohuo goli lake dhidi ya Komoro liliirudisha Uganda kwenye Kombe la Afrika. Mara ya mwisho ilikuwa 1978.

Namna mambo yanavyoendeshwa ni rahisi kuelewa. Mtoto anayejua mpira anapata nafasi shuleni, analala pale, anakula pale, anachezea shule. Akikomaa, klabu iko kwenye hatua chache tu. Shule inapata jina na wanafunzi wanaolipa. Klabu inapata wachezaji bila kutuma watu kuwatafuta kila pembe ya inchi. Hakuna kuvutana kati ya kocha na prefe, juu ya wote wawili wana mkubwa mmoja.

Na ni hapo penye mtego kwa anayetaka kuiga. Kitende inatembea kwa sababu kuna mtu mmoja mwenye makuta ya kubeba vyote viwili. Katumbi Football Academy ya Lubumbashi, iliyofunguliwa mwaka 2012 na TP Mazembe, ambako watoto wanacheza na kusoma, ina nyuma yake Moïse Katumbi. Bunia haina mtu wa namna hiyo. Lubumbashi iko karibu kilometa 1,500 kwa ndege, Kampala karibu 300. Inaeleweka kwa nini macho ya wazazi yanatazama ng'ambo ya ziwa.

Kuvuka mpaka si rahisi kama inavyosemwa

Hapa inapaswa kusema wazi, kwa sababu kuna watu wanaopita nyumba kwa nyumba na kuomba makuta ya pasporti na ya "kumpeleka mtoto kwenye majaribio". FIFA inakataza uhamisho wa mchezaji mwenye umri chini ya miaka 18 toka inchi moja mpaka inchi ingine. Kuna milango michache. Mmoja ni kama wazazi wenyewe wamehamia inchi ile kwa sababu isiyo ya mpira. Mwingine ni kwa mtoto aliyelazimika kukimbia bila wazazi kwa sababu maisha yake yako hatarini. Hilo linawahusu watoto wa Ituri walio ukimbizini Uganda, lakini ombi linapitia federasyo na FIFA, si kwa neno la kocha.

Mlango wa tatu unaihusu Ituri kabisa: ule wa mpaka. Mtoto anayeishi si zaidi ya kilometa 50 na mpaka anaweza kuandikishwa na klabu ya inchi jirani, kama klabu hiyo nayo iko ndani ya kilometa 50 na mpaka, na kati ya nyumba na klabu pasiwe zaidi ya kilometa 100. Ni lazima aendelee kulala kwao, na federasyo zote mbili zikubali. Kwa hiyo kijana wa Aru anaweza, kwa sheria, kuchezea klabu ya Arua na kurudi nyumbani jioni. Kijana wa Bunia kuchezea klabu ya Kampala, akilala kule? Mlango huo haumfungukii.

Kwenda kusoma Uganda ni jambo lingine. Familia mingi za Aru na Mahagi zimefanya hivyo tangu zamani, na mtoto anaweza kucheza na wenzake shuleni. Lakini shule si klabu kule pia, na siku klabu itakapotaka kumwandikisha kabla ya miaka 18, swali la FIFA litarudi. Mzazi anayeambiwa vingine aombe aonyeshwe karatasi.

Neno la karatasi linafungua jambo la umri. Sheria ya familia inatoa siku 90 kwa kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Ikipita, lazima kupitia tribinali, na hiyo inahitaji muda na makuta. Kwa familia iliyokimbia usiku, na ofisi zilizoungua, kijitabu cha shule ndicho mara mingi karatasi ya kwanza inayosema mtoto huyu alizaliwa mwaka gani. Toka Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la mwaka 2009, FIFA inapiga picha ya mkono kwa mashini ya MRI kujua kama mifupa inapatana na umri unaosemwa. Kocha anayemwambia kijana apunguze miaka miwili anamfungia njia. Daftari la shule lililoshikwa vizuri ni ulinzi wake.

Wengine walifanyaje

Kuvutana huku si kwa Afrika peke yake. Marekani, katika jimbo la Minnesota, mchezo mkubwa wa vijana ni hockey ya kwenye barafu, na mashindano ya shule za sekondari yanafanyika toka 1945. Watu wanajaza kiwanja, muji mzima unafunga maduka kwa kwenda kutazama watoto wake. Pamoja na hayo, kila mwaka vijana bora wanavutwa na klabu za juu zenye mechi mingi na watafuta vipaji mingi, na kila mwaka mabishano ni yaleyale. Kwenye mpira wa miguu, Wamarekani walienda mbali zaidi: federasyo yao ilianzisha ligi ya akademi mwaka 2007, na toka 2012 ikafanya msimu wa miezi 10 na kumkataza mtoto wa akademi asichezee shule yake. Familia zililalamika. Mwaka 2020 ligi ile ilifungwa, wakati wa Korona. Hata penye makuta, kumwambia mtoto achague kimoja hakukumaliza ugomvi.

CAF imechukua njia ya shule. Mashindano yake ya Afrika kwa shule yalijaribiwa kwanza hapa kwetu, Kinshasa, mwezi wa 2 mwaka 2022. Fainali za kwanza zilichezwa Durban mwaka 2023, wavulana na wasichana, kisha Zanzibar mwaka 2024. Fondasyo ya Motsepe iliweka dola milioni 10, na shule ya kwanza Afrika inapewa dola 300,000. Kwa mara ya kwanza shule inaweza kupata makuta kwa mpira bila kuwa klabu. Lakini Kongo inacheza katika kanda ya Afrika ya Kati, UNIFFAC, na kwa shule ya Bunia kufika huko lazima kwanza kupita jimbo, kisha taifa. Kinshasa iko karibu kilometa 1,800. Nani atalipa ndege ya watoto kumi na nane na walimu wao? Ndani ya jimbo lenyewe, lililo chini ya utawala wa kijeshi toka tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021, kuleta ekipe ya shule toka Mahagi mpaka Bunia kwa barabara ya taifa namba 27 ni uamuzi ambao mzazi haufanyi kwa kucheka.

Mfano ulio karibu na hali yetu uko Nairobi, kwenye kartie maskini ya Mathare. Mwaka 1987 Bob Munro, Mkanada, alianza na vijana wa pale shirika la MYSA. Ekipe za watoto zilicheza ligi yao, na ekipe iliyotoka kusafisha takataka za kartie ilipata pointi kwenye ligi. Vijana waliofanya kazi kwa ajili ya wenzao walipata msaada wa minervale, ukilipwa kwa shule moja kwa moja. Toka humo ikatoka klabu ya Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 ikachukua ubingwa wa Kenya. Pale hapakuwa na mwenye shule tajiri. Palikuwa na ligi, daftari, na kanuni kwamba mpira na masomo vinaandikwa pamoja.

Kwa Bunia, hiyo inaweza kufanyika bila kungoja kiwanja kipya. Klabu ya kartie inaweza kuomba kopi ya bulteni kila trimestre kabla ya kumpanga mtoto. Shule inaweza kukubaliana kwa maandishi na klabu moja ao mbili zilizo kwenye federasyo: mtoto anachezea shule wakati wa mashindano ya shule, na klabu inamtolea lisansi toka ya 7. Komite ya wazazi ndiyo mahali pa kuleta swali hilo, kwa sababu prefe peke yake hawezi kuwalazimisha makocha, na makocha peke yao hawataenda kwa prefe.

Kizuizi cha kweli ni lisansi yenyewe. Inahitaji picha, karatasi ya kuzaliwa, na malipo kwa kila mtoto, na klabu yenye watoto arobaini inaandikisha wale wa kwanza kumi na tano tu, wakubwa. Wadogo wa miaka 12 na 13, wale hasa ambao hesabu ya FIFA inaanza kwao, wanaachwa kwa mwaka ujao. Entente ya mpira ya mji ingepunguza bei kwa wadogo, klabu zingeandikisha zaidi. Ombi hilo halihitaji Kinshasa. Linahitaji klabu zilipeleke kwa pamoja kabla msimu haujafunguliwa, na majina ya watoto yatoke kwenye daftari za shule, ambako tayari yameandikwa pamoja na mwaka wa kuzaliwa.